Aliyezima Maonyo

Yeyote aliyesoma kwake, ukimtajia jina lake, kwanza atakumbuka kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga lililobanduka karatasi, na lilikaa kushoto kwa kompyuta, karibu na kiwiko chake. Alitafuna tumbaku tangu asubuhi. Kila baada ya mistari miwili mitatu ya somo aligeuza shingo, akatema humo, akajifuta mdomo kwa kiganja, na kiganja hichohicho kikarudi kwenye vitufe. Wanafunzi saba tulitumia vitufe hivyo kwa zamu. Mimi nilikuwa nakuja na ndimu kutoka nyumbani, naikata, nasugua herufi moja moja kabla sijagusa. Aliponiona alicheka.

"Zaina anaogopa mate," akawaambia wenzangu. "Programu yake iko chafu kushinda kopo yangu, lakini mate njo anaogopa."

Na alisema kweli. Programu yangu ilikuwa chafu. Yake, aliyoandika kwa vidole vile vyenye kucha nyeusi, ilikuwa safi kama shuka la wageni. Hilo ndilo lililonikera kwake tangu mwanzo: usafi wote aliokuwa nao aliupeleka kwenye maandishi, mwilini hakubakiza kitu.

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sitaingia huko. Hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, wapo wanaoweza kubishana juu ya hayo kutwa nzima. Sisi tulimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyohivyo, ingawa siku hizi neno hilo nikilitamka mbele yake linanikwama.

Alitufundisha miaka ya vita, kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli, wakati treni zilikuwa zimelala na majani yameota kati ya reli. Mji ulikuwa umezingirwa. Aliyetoka kwenda shamba aliwaogopa wapiganaji wa porini, na aliyebaki ndani aliwaogopa wanajeshi. Shule nyingi zilikuwa zimefungwa. Yeye akapita nyumba kwa nyumba kuwauliza wazazi kama wana mtoto mwenye kichwa cha hesabu, akatukusanya, akaanza kutufundisha lugha ya kompyuta iitwayo C. Watu walidhani amerukwa na akili. Mjini hapakuwa na chumvi, yeye anafundisha watoto kusema na mashine.

Kompyuta ilikuwa moja, ya kubebeka, nzito kama matofali mawili. Fundi mmoja wa reli aliyekimbia ndiye aliyeiacha. Ilipata umeme kutoka paneli ya jua iliyokuwa juu ya paa, saa mbili kwa siku kama hakuna mawingu. Kwa hiyo tuliandika programu zetu kwenye karatasi, nyuma ya fomu za zamani za mizigo ya treni, na Mwalimu ndiye aliyekuwa kompilateri wetu. Kompilateri ni programu inayosoma maandishi ya mtu na kuyageuza yawe amri ambazo mashine inazifuata. Alichukua karatasi, akapitisha ukucha chini ya kila mstari, na alipofika penye kasoro alisimama na kugonga meza.

"Mustari wa sita. Umesahau nukta-mkato. Nimekufa hapa. Andika upya."

Somo la safu za namba alitufundishia kwenye mabehewa. Alitutoa nje, akatusimamisha mbele ya treni iliyolala, akatuambia tuhesabu tukianzia sifuri, kwa kuwa C inahesabu hivyo. Yalikuwa mabehewa kumi, kwa hiyo la mwisho lilikuwa la tisa. "Sasa pakia mchele mu behewa la kumi," akaniambia. Nikamjibu kwamba haliko. "Wewe unajua haliko. C haitakuuliza. Itakuacha umwage mchele, na utamwaga juu ya kitu ya muntu mwingine, na utajua siku ile huyo mwingine anakufa njaa." Kisha akatema kwenye kokoto za reli, karibu kabisa na kiatu changu.

Sufuria nazo zilikuwa somo. Kabla ya kutumia sehemu ya kumbukumbu ya mashine ni lazima uiwekee thamani yako mwenyewe, kwa sababu hujui aliyetangulia aliacha nini ndani. "Unapika mu sufuria hujaosha?" alifoka. Tulitazamana. Sufuria yake mwenyewe ilikuwa chini ya meza, na ukoko wa juzi.

Lakini somo lililompandisha damu kuliko yote lilikuwa la makosa na maonyo. Ukikosea kabisa, kompilateri inakataa. Hupati programu mpaka urekebishe. Kuna wakati mwingine inakubali, inakupa programu yako, ila inakuandikia kwamba mahali fulani pana jambo lisiloingia akilini. Hilo ndilo onyo. Wengi wanalipuuza kwa kuwa programu inatembea. Mwalimu hakumruhusu mtu kwenda nyumbani akiwa na onyo hata moja kwenye kioo.

"Kosa ni askari, anakuzuia barabarani," alisema. "Onyo njo rafiki yako, anakuambia polepole mu sikio. Wewe unafukuza rafiki?"

Niliyaamini maneno hayo. Hata leo nayaamini.

Niseme pia juu ya chakula. Mwalimu aliwatengenezea wanajeshi redio zao za mawasiliano, kwa hiyo hakukosa samaki wala wali, katika miezi ambayo sisi tulikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na mafuta wala chumvi. Hakuficha. Saa sita mchana alifungua bakuli lake palepale mezani, mbele yetu, akala kwa mkono, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kifundo, huku mkono wa pili ukiendelea kuonyesha mistari kwenye kioo. Punje za wali ziliingia kati ya vitufe. Mende wakahamia humo. Ukibonyeza kitufe cha nafasi unawasikia wanakimbia.

Siku moja rafiki yangu Feza alianguka. Alikuwa amesimama karibu na meza, zamu yake ya kuandika, na hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. Aliteleza polepole, paji la uso likagonga ukingo wa meza. Mwalimu aliruka, na nilidhani anamdaka. Aliinua kompyuta. Akaikumbatia kifuani kwa mkono mmoja, bado anatafuna, akamtazama Feza pale chini.

"Musiniangushie mashini," akasema.

Tulimkalisha, tukampa maji. Mwalimu akarudi kwenye kiti, akamaliza minofu, kisha akalisukuma bakuli kwa Feza, ndani mna kichwa cha samaki na mifupa aliyokwisha kuifyonza. Feza akala. Akaifyonza upya mifupa ileile. Nilipata kinyaa, na ndani ya kinyaa hicho, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

Ningemaliza hapo kazi yangu ingekuwa rahisi. Kuna habari ya meno mawili, nayo lazima niiseme.

Mji ulipobadilisha mikono, kundi lililoingia lilipita nyumba kwa nyumba kuchukua chochote chenye waya. Mwalimu aliifunga kompyuta kwenye mifuko mitatu ya plastiki, akaizamisha kwenye shimo la takataka nyuma ya choo, akalifukia kwa mikono. Walipomjia alisema hana kitu. Wakamwekea bunduki kifuani, akasema hana kitu. Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, na yeye, damu ikimtoka, akawaambia waingie watafute wenyewe. Alipoteza meno mawili ya mbele. Wiki iliyofuata tuliitwa darasani. Kompyuta ilinuka mwezi mzima, lakini iliwaka, na programu zetu zote zilikuwamo, kila moja na jina la mwenyewe. Hakuna mtu mwingine Kindu aliyepigwa kwa ajili ya kazi zangu za shule.

Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumheshimu anakutemea karibu na mguu, na ukitaka kumdharau anakuonyesha pengo.

Vita vilipokwisha nilisomea Kisangani, nikarudi. Yeye alikuwa amefungua karakana ndogo karibu na bandari, mahali ambapo magunia yanashushwa kutoka kwenye boti. Mashati yalikuwa yamebadilika, kopo lilikuwa jipya. Watu walimjia na maswali ya kazi. Mtu wa redio alitaka kujua kwa nini programu yake inatembea kwake vizuri na inakufa kwenye mashine ya mwenzake. Mwingine alitoka Kalima kwa pikipiki, matope mpaka kiunoni, kuuliza jinsi ya kutengeneza kwenye kompyuta kubwa programu itakayokwenda kuishi kwenye kibao kidogo cha kielektroniki kama kiganja. Mwalimu aliwajibu wote bila kuchoka. Aliwaambia kila mara kwamba namba yenye jina moja inaweza kuwa na tabia mbili kwenye mashine mbili, na kwamba asiyejaribu kwenye mashine yenyewe hajajaribu. Nilisimama nyuma yake nikisikiliza na kujivuna. Nilikuwa msaidizi wake.

Kazi kubwa ya karakana ilikuwa masanduku ya baridi. Vituo vya afya vya vijijini vina friji zinazotumia jua, ndani mna chanjo za watoto. Chanjo zikipata joto zinaharibika. Lakini kuna zile ambazo zikiganda ndiyo mwisho wake. Hata barafu ikiyeyuka, dawa imekufa, na kwa macho ni vigumu kujua. Sanduku letu lilikuwa na waya unaoingia ndani ya friji. Lilisoma kiasi cha baridi kila baada ya dakika tano, likakiandika, na lilitakiwa kulia joto likipita nyuzi nane au likishuka chini ya sifuri. Programu aliandika yeye. Ilikuwa fupi na safi, ya kupendeza kuisoma.

Alasiri moja wageni wa mradi uliotulipa kwa masanduku hayo walikuwa wakitarajiwa kesho yake. Mwalimu aliniambia niongeze jina la mradi kwenye kioo kidogo cha sanduku la maonyesho. Nikaongeza mstari, nikaiita kompilateri. Kabla ya mstari wangu likatokea onyo juu ya mstari wake. Lilisema ulinganisho huu hauwezi kuwa kweli hata siku moja. Nikaufuata mstari. Ni pale panapouliza: je, baridi iko chini ya sifuri?

Ilinichukua dakika chache kuelewa. Alikuwa ameiweka namba kwenye aina ndogo iitwayo "char". Kwenye kompyuta zetu za mezani, aina hiyo inapokea namba zilizo chini ya sifuri. Kwenye kibao kidogo cha ndani ya sanduku haizipokei. Tatu chini ya sifuri inageuka kuwa mia mbili hamsini na tatu. Na chini kidogo, kwa busara yake mwenyewe, alikuwa ameandika kwamba namba yoyote inayopita sitini ni kelele za waya: itupwe, ichukuliwe ile iliyotangulia. Kwa hiyo friji ikiganda, sanduku halitalia. Litatupa ukweli, na kuandika tena namba nzuri ya mwisho. Tulikuwa tumeyajaribu masanduku kwa maji ya moto. Hakuna aliyewahi kuyaweka kwenye barafu.

"Mwalimu, kuja uone."

Alikuja, akainama juu ya bega langu na harufu yake ya tumbaku. "Naona."

"Ikiganda haitalia."

"Nimesema naona. Tangu wiki ile ingine naona."

Niligeuka kumtazama. Alikuwa ametulia kama mtu anayengoja chai.

"Ni neno moja tu, Mwalimu. Tunaweka 'signed' mbele ya 'char', tunatengeneza upya, tunapakia mu masanduku."

"Masanduku iko namna gani?"

"Yamefungwa."

"Yamefungwa na nini?"

"Na gundi."

"Njo vile. Ishirini na ine, yote na gundi. Kesho saa ine wageni wako hapa. Wewe utavunja ishirini na ine, na utafunga tena, leo?" Akatema. "Na tena, huku kwetu ni joto. Frigo gani ya jua itaganda Maniema?"

Kisha akanyoosha mkono, akafungua faili la amri za kompilateri, akaongeza kistari na herufi moja ndogo. Ni amri inayoiambia kompilateri inyamaze, isitoe onyo lolote. Akatengeneza upya. Kioo kikatoka cheupe.

"Baadaye tutarekebisha," akasema, akaenda kuchagua shati la kesho.

Nimewaona watu wakifanya mabaya makubwa zaidi, mji huu umenionyesha. Wanajeshi waliotupora hawakuwa wamenifundisha kitu. Huyu alikuwa amenigongea meza miaka mitatu kwa ajili ya jambo hilohilo, na alipolifanya hakuacha hata kutafuna. Nilikwenda nje nikasimama kwenye ukuta.

Wageni walikuja. Mwalimu aliwakusanya mbele ya kompyuta, akaiita kompilateri mbele yao, akaonyesha kwa ukucha. "Munaona? Hakuna onyo hata moja." Wakapiga makofi. Wakatupiga picha, na mimi nimo, nimeshika sanduku kwa mikono miwili, nacheka.

Masanduku yakaenda.

Muuguzi wa kituo kimoja kwenye njia ya Kibombo aliitwa Papa Salumu. Nilimfahamu kidogo; mtu mwembamba, mwenye kofia ya kufuma, anayeandika kila kitu kwenye daftari. Msimu wa kiangazi, mwezi ambao asubuhi zina ubaridi na mchana jua linawaka bila wingu, friji yake ilizidisha nguvu. Akakuta vichupa vina chenga nyeupe. Alijua jinsi ya kuvijaribu: unakitikisa kichupa, unakitua, unatazama chenga zinavyoshuka. Vilikuwa vimeganda. Sanduku lilikuwa kimya juu yake, linaonyesha moja.

Angeweza kunyamaza. Chanjo ilikuwa imeshachomwa kwa watoto waliokuja katika wiki mbili, na hakuna mama ambaye angejua. Yeye aliwaita akina mama wote warudi, akawaambia sindano zile hazihesabiki, kisha akawaandikia barua wakubwa wake Kindu akajishtaki mwenyewe kwamba chanjo imeharibikia mikononi mwake na hajui vipi. Mama mmoja, alinisimulia baadaye mtu aliyekuwapo, aliuliza, "Kwa hiyo mutoto wangu alilia bure?" Wengine hawakurudi tena kituoni.

Kikao cha wakubwa wa afya kilifanyika hapa mjini. Walilifungua sanduku, wakataka kusoma rekodi, na Mwalimu akaitwa kama mtaalamu. Nilikaa pembeni yake, kompyuta juu ya magoti, nikawasomea namba. Nne, tano, tatu, moja, moja, moja. Hakuna hata moja chini ya sifuri. Basi, wakasema, friji ilikuwa nzima. Chanjo iligandia kwenye kasha la kubebea, muuguzi aliiweka juu ya barafu bila karatasi katikati. Papa Salumu alisimama, kofia mkononi.

"Labda niliweka mubaya," alisema. "Miaka yote naweka karatasi. Lakini kama mashini inasema vile, sijui. Labda siku ile nilisahau."

Mwenyekiti akamgeukia Mwalimu. "Sanduku linaweza kukosea?"

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa na punje ya wali kwenye ndevu. Akasema kwa sauti yake ya darasani, polepole:

"Mashini haina sababu ya kudanganya muntu."

Na mimi nikakaa. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, na neno lenyewe lilikuwa moja. Nilijiambia kwamba nitamwaibisha mtu aliyepoteza meno kwa ajili yangu. Nilijiambia kwamba Kindu nzima hakuna karakana nyingine itakayoniajiri. Nilijiambia nitasema wakitoka nje. Walitoka nje. Papa Salumu aliondolewa kazini siku hiyohiyo, baada ya miaka mingi ambayo sidhani aliwahi kumchoma mtoto bila kumwomba radhi kwanza.

Miezi iliyofuata nilizunguka vituo vyote, kwa pikipiki na kwa mtumbwi, nikavunja gundi, nikapakia programu mpya yenye neno lile, nikafunga. Wauguzi nikawaambia ni matengenezo ya kawaida. Mwalimu alijua, hakunizuia. Alinipa hata gundi. Sanduku la mwisho lilipofungwa niliacha kazi kwake. Hakuuliza kwa nini. Alinipa mkono, ukiwa na unyevu, nikaenda kunawa.

Sasa ninafundisha mwenyewe, wasichana kumi na mmoja, kwenye kompyuta nne. Nawakataza kwenda nyumbani wakiwa na onyo kwenye kioo. Wanadhani ni sheria yangu.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi kutoka ng'ambo ya mto, asubuhi. Mtumbwi wenye mota ulitua, nikaruka matope, na juu kidogo ya ukingo nikamwona mzee amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, miguu imevimba kama mihogo, inaning'inia. Alikuwa Mwalimu. Aliyeshika usukani wa baiskeli, akiisukuma kwa kuwa ukingo ni mwinuko, alikuwa Papa Salumu. Siku hizi ndiyo kazi yake, kubeba watu na mizigo.

Papa Salumu alinikumbuka. Alinyoosha mkono, akashika wangu kwa mikono miwili. "Mama Zaina! Habari ya siku nyingi? Nampeleka Mwalimu kwa dawa ya miguu. Kila juma nampeleka."

"Kila juma?"

"Sasa nifanye nini? Wakati nilifukuzwa watu wote walinikimbia. Huyu njo alikuja kwangu, aliniletea gunia ya mchele wa Kibombo. Aliniambia, Salumu, kila muntu anaweza kukosea." Akampangusa Mwalimu vumbi begani. "Kila muntu anaweza kukosea. Sikusahau ile maneno."

Nilimtazama Mwalimu. Nilitaka ainamishe macho, hata kidogo tu. Alitabasamu na pengo lake, akamwambia Papa Salumu, "Huyu ni mutoto wangu. Mafundisho yangu yote iko kwake." Akaninyooshea mkono.

Sikuupokea.

"Papa Salumu," nikasema, "hukukosea. Karatasi uliweka. Sanduku njo lilikuwa baya, halikuweza kuona baridi ya chini ya sifuri. Lilidanganya."

Baiskeli ilianza kurudi nyuma, Papa Salumu akaizuia kwa goti.

"Anasema mambo ya zamani," akasema Mwalimu. "Twende, jua linapanda."

"Na Mwalimu?" Papa Salumu aliniuliza mimi. "Alijua?"

"Alijua."

"Siku ya kikao?"

"Kabla. Kabla masanduku hayajatoka karakana."

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliandalia majibu kwa miaka.

"Na wewe, mama? Ulijua siku gani?"

"Siku ileile."

"Ulikuwa umekaa pale," akasema polepole, "na mashini juu ya magoti. Ulisoma nne. Ulisoma tano."

"Ndiyo."

Aliegemeza baiskeli kwenye nyonga yake. Akamshika Mwalimu kwapani, kwa uangalifu, kama alivyozoea kuwashika wagonjwa. "Shuka, Mwalimu." Akamkalisha juu ya gunia la muhogo la mtu, akahakikisha hataanguka. Akageuza baiskeli. Njia pale ni nyembamba, na aliponipita alivuta shati lake kando ili lisiniguse.

Nilimsubiri ageuke. Alifika juu, akapotea nyuma ya mabanda ya samaki.

Mwalimu alikuwa anapumua kwa shida. Mwenye gunia alikuwa anakuja kulichukua, na mtumbwi mwingine ulikuwa unashusha watu nyuma yetu, wakitaka njia. Miguu ile haikuweza kupanda peke yake.

"Nishike, binti," akasema. "Unaona ametuacha."

Nikamshika. Nikaupitisha mkono wake shingoni kwangu, jasho lake na langu, tukaanza kupanda, hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika. Waliokuwa wakishuka walitupisha kwa heshima. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani alisimama kabisa, akanitazama kwa upendo.

"Asante, mwanangu," akaniambia. "Watoto wa leo hawamushiki tena baba namna ile. Mungu akulipe."

Nikamwitikia, amina.